Povu, Kijiko na Mikrogramu Thelathini: Historia ya Kuzisoma Figo za Mwenye Kisukari

Figo huugua kimya. Mtu mwenye kisukari anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wa figo zake huku akiendelea kulima, kufundisha au kuuza dukani, bila maumivu yoyote. Siku miguu inapovimba, chakula kinapomkinaisha na pumzi kuwa fupi, mara nyingi muda wa kuzuia umeshapita na kilichobaki ni kutafuta mashine ya kusafisha damu au ndugu wa kumpa figo. Ndiyo maana kwa karne nyingi matabibu wamesaka kitu cha kupima kwenye mkojo au kwenye damu, kitakachosema kabla mwili haujasema. Leo vitu hivyo huitwa viashiria vya kibayolojia. Historia yake ni ndefu, na kila hatua yake inafundisha jambo lilelile: kiashiria huokoa figo pale tu kinapotafutwa mapema, na kinapokuta tiba pamoja na mtu aliye tayari kuitoa.

Ishara ya kwanza kuandikwa ilikuwa povu. Katika maandiko ya Hippocrates, tabibu wa Ugiriki ya kale, limo neno kwamba mapovu yakitanda juu ya mkojo ni dalili ya maradhi ya figo, tena maradhi ya muda mrefu. Hakujua povu hilo linatokana na nini, lakini jicho lake halikukosea. Protini inapovuja kwa wingi, mkojo hutoa povu, na hadi leo daktari akisikia mgonjwa anataja povu lisilokwisha, huagiza kipimo.

Kisukari nacho kilisomwa kwenye mkojo. Mwaka 1674 Thomas Willis wa Uingereza aliandika kwamba mkojo wa wagonjwa hao ni mtamu kama uliotiwa asali. Mwaka 1776 Matthew Dobson, tabibu wa mji wa Liverpool, alithibitisha kuwa utamu huo ni sukari, na kwamba damu ya mgonjwa pia ina utamu. Kwa muda mrefu elimu hizi mbili, ya figo na ya kisukari, zilikwenda kila moja kwa njia yake.

Kijiko juu ya mshumaa

Mwaka 1764, mjini Naples, Domenico Cotugno alieleza habari za askari kijana aliyevimba mwili mzima. Cotugno alichukua mkojo wake, akauweka motoni, na mkojo ukaganda kama ute wa yai. Kilichoganda ni albumini, protini iliyo nyingi kuliko zote katika majimaji ya damu. Kazi yake kubwa ni kuyazuia maji yasitoke kwenye mishipa na kujaa katika nyama za mwili. Ikipotea kwa wingi kupitia mkojo, mtu huvimba.

Aliyeyaunganisha haya na figo zenyewe ni Richard Bright wa hospitali ya Guy's, London. Mwaka 1827 alichapisha taarifa za wagonjwa wake, akionyesha mambo matatu yaliyokwenda pamoja: mwili uliovimba, mkojo wenye albumini, na figo zilizoharibika ambazo aliziona mwenyewe walipofariki na kupasuliwa. Kipimo chake kilikuwa rahisi: mkojo kidogo ndani ya kijiko, kijiko juu ya mshumaa, kisha kutazama kama utaganda. Mwaka 1842 hospitali ya Guy's ilimtengea yeye na wenzake wodi mbili na maabara kwa ajili ya wagonjwa wa figo tu. Kwa zaidi ya karne moja maradhi hayo yaliitwa "ugonjwa wa Bright".

Katika miaka hiyohiyo, huko Ufaransa, Pierre Rayer aliandika kitabu kikubwa cha maradhi ya figo, kilichotoka kati ya 1837 na 1841. Yeye ni miongoni mwa wa mwanzo kutambua kuwa baadhi ya wenye kisukari hutoa albumini kwenye mkojo. Wachache walimzingatia. Wakati huo mtoto au kijana aliyepata kisukari aliishi miezi, pengine mwaka au miwili, kisha akafa. Figo zake hazikupata muda wa kuharibika.

Insulini na deni lililochelewa kudaiwa

Januari 1922, mjini Toronto, mvulana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alidungwa insulini iliyotokana na kazi ya Frederick Banting, Charles Best, John Macleod na James Collip. Kifo cha haraka kiliondolewa. Watoto waliokuwa wakizikwa walikua, wakaoa, wakaolewa, wakazaa. Lakini baada ya miaka kumi na mitano, ishirini, wengi wao walianza kupofuka, presha ikapanda na figo zikafa. Insulini iliwapa maisha marefu, na urefu huo ukafunua maradhi ambayo vijana wa kabla yao hawakuwahi kuishi kiasi cha kuyaona.

Mwaka 1936, huko Boston, Paul Kimmelstiel, Mjerumani aliyehamia Marekani, na Clifford Wilson kutoka Uingereza walichunguza kwa darubini figo za watu wanane waliofariki. Karibu wote walikuwa na kisukari. Ndani ya vichujio vidogo vya figo waliona vinundu vya mviringo ambavyo havikuwa vimeelezwa hivyo kabla. Kila figo ya binadamu ina vichujio vya namna hiyo karibu milioni moja, na figo zote mbili huchuja takriban lita 180 za majimaji kwa siku. Kichujio kizima hufanya kazi kama kifumbu cha kukamulia tui: maji na vitu vidogo hupita, vikubwa kama albumini hubaki. Sukari ikizidi kwenye damu kwa miaka, na presha ikisukuma juu yake, kuta za kichujio hunenepa, matundu hulegea, na albumini huanza kupenya.

Basi ugonjwa ukawa na sura. Lakini sura hiyo ilionekana kwenye meza ya maiti. Walio hai walihitaji njia nyingine.

Kreatinini: shahidi anayechelewa

Njia moja ilipita kwenye damu. Misuli ya mwili hutoa kila siku taka iitwayo kreatinini, nayo figo huiondoa. Mwaka 1886 Max Jaffe, mkemia wa Königsberg, aligundua kuwa kreatinini ikikutana na asidi ya pikriki hugeuka rangi. Mwaka 1904 Otto Folin alilifanya jambo hilo kuwa kipimo cha maabara, na mwaka 1926 Poul Brandt Rehberg wa Copenhagen akaonyesha jinsi ya kuitumia kreatinini kukadiria kasi ambayo figo huchuja damu. Hadi leo kreatinini ndicho kipimo cha figo kinachoagizwa zaidi hospitalini.

Hata hivyo, ni shahidi anayechelewa kufika. Figo ina akiba kubwa, hivyo uwezo unaweza kupungua hadi kukaribia nusu kabla kreatinini haijapanda waziwazi. Kwa mwenye kisukari shida huongezeka. Carl Erik Mogensen, daktari wa Aarhus nchini Denmark, alionyesha mapema miaka ya 1970 kwamba mwanzoni mwa kisukari cha vijana figo huchuja kupita kiasi. Kreatinini humwonyesha mtu kuwa mzima wa figo, kumbe figo zake zinafanya kazi kwa nguvu zitakazoziumiza.

Kipimo cha mkojo nacho kilikuwa na upofu wake. Katika miaka ya 1950 vijiti vya kuchovya kwenye mkojo vilichukua nafasi ya kijiko na mshumaa. Cha protini kiliingia sokoni mwaka 1957, na kliniki duniani kote zikapata kipimo cha dakika moja. Lakini kijiti hicho kilibadilika rangi kwa uhakika pale tu mgonjwa alipokuwa akipoteza takriban miligramu 300 za albumini kwa siku. Mtu mzima wa afya hupoteza chini ya 30. Kati ya 30 na 300 palikuwa na giza, na ndani ya giza hilo ugonjwa ulikuwa ukijijenga kwa miaka.

Mwanga ndani ya giza

Taa ilitoka mahali pasipotarajiwa. Katika hospitali ya wanajeshi wastaafu ya Bronx, New York, Rosalyn Yalow na Solomon Berson walikuwa wakitafuta namna ya kupima insulini katika damu, kiasi kidogo mno ambacho kemia ya kawaida haikukifikia. Mwishoni mwa miaka ya 1950 walibuni njia ya kutumia kingamwili pamoja na chembe zilizotiwa mnunurisho. Yalow alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1977. Berson alikuwa ameshafariki.

Huko London, katika hospitali ileile ya Guy's alikofanya kazi Bright, Harry Keen na Constantinos Chlouverakis waliichukua njia hiyo na kuielekeza kwenye mkojo. Mwaka 1963 walichapisha kipimo cha albumini iliyo katika kiwango kidogo kabisa. Kilichokuwa gizani kikaanza kuonekana, na kwa miaka mingi kiliitwa maikroalbuminuria.

Likabaki swali gumu zaidi. Je, kuvuja huku kidogo kuna maana yoyote? Jibu lilihitaji subira, na subira hiyo ni sehemu ninayoiheshimu mno katika historia hii. Wagonjwa wa kisukari cha aina ya 1, kile cha vijana, waliopimwa Guy's katikati ya miaka ya 1960 walitafutwa tena baada ya miaka 14. Matokeo yalichapishwa mwaka 1982 na Giancarlo Viberti, Keen na wenzao. Kati ya watu 55 waliokuwa wakitoa chini ya mikrogramu 30 za albumini kwa dakika, wawili tu ndio waliopata ugonjwa wa figo ulioonekana kwa kijiti. Kati ya wanane waliokuwa juu ya kiwango hicho, saba waliupata. Saba kati ya wanane, na ishara ilikuwepo kwenye mkojo wao tangu siku ile ya kwanza, wakati kipimo cha kawaida kilisema hawana tatizo.

Hans-Henrik Parving wa Denmark alifikia jambo kama hilo mwaka huohuo. Mwaka 1984 Mogensen naye alionyesha kuwa hata kwa watu wazima wenye kisukari cha aina ya 2, albumini kidogo ilitabiri maradhi ya figo na kifo cha mapema, ambacho kwa wengi kilitokana na moyo. Albumini ilikuwa ikitoa habari za mishipa ya damu ya mwili mzima.

Ishara ikakutana na dawa

Kumwambia mtu kuwa figo zake zitakufa, kisha usiwe na la kumfanyia, ni kumwongezea mzigo. Bahati njema ni kwamba watu walewale waliopima ndio waliotafuta tiba. Katika zama zile madaktari wengi waliogopa kushusha presha ya mgonjwa wa figo, wakidhani figo dhaifu huhitaji msukumo mkubwa wa damu. Mogensen mwaka 1976, kisha Parving mwaka 1983, wakifuatilia wagonjwa wachache kwa uangalifu mkubwa, walionyesha kinyume chake: presha ikishushwa, albumini hupungua na kasi ya kuharibika kwa figo hushuka.

Kisha ikaja dawa yenye asili ya ajabu. Sergio Ferreira wa Brazil alikuwa amechunguza sumu ya nyoka wa kwao aitwaye jararaca, ambaye sumu yake huangusha presha ya aliyeumwa. Aliipeleka London katika maabara ya John Vane, na kutokana na elimu hiyo David Cushman na Miguel Ondetti wa kampuni ya Squibb wakatengeneza captopril. Mwaka 1993 Edmund Lewis na wenzake walitangaza matokeo ya wagonjwa 409 wenye kisukari cha aina ya 1 na protini kwenye mkojo. Waliopewa captopril, wakilinganishwa na waliopewa vidonge visivyo na dawa, walipunguza kwa takriban nusu hatari ya kufa, kuingia kwenye mashine ya kusafisha damu au kuhitaji figo mpya. Mwaka huohuo utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada, uliofuatilia watu 1,441, ulithibitisha kuwa kuidhibiti sukari kwa makini hupunguza kwa asilimia 39 uwezekano wa albumini kuanza kuvuja.

Tangu hapo kipimo kikawa na kazi. Katika kisukari cha aina ya 2 hupimwa siku ugonjwa unapogunduliwa, katika aina ya 1 baada ya miaka mitano, kisha kila mwaka. Mgonjwa hakulazimika tena kukusanya mkojo wa siku nzima kwenye chupa kubwa. Mkojo kidogo, hasa wa asubuhi, unatosha: maabara hupima albumini na kreatinini ndani yake na kutoa uwiano. Kiwango cha miligramu 30 kwa gramu au zaidi huleta wasiwasi. Homa, maambukizi ya njia ya mkojo, hedhi au mazoezi makali vinaweza kukipandisha kwa muda, ndiyo maana hurudiwa ndani ya miezi mitatu hadi sita kabla ya kutoa hukumu.

Mipaka ya ishara

Haikuchukua muda mrefu mipaka yake ikaonekana. Mwaka 2003 watafiti wa kituo cha Joslin cha Boston waliripoti kuwa kati ya wagonjwa 386 wa aina ya 1 waliokuwa na maikroalbuminuria, zaidi ya nusu walipata nafuu ndani ya miaka sita, kiwango chao cha albumini kikashuka. Upande wa pili, wapo ambao uchujaji wao hushuka mwaka hadi mwaka bila albumini kuvuja. Ishara moja haitoshi, na anayepima mkojo bila damu, au damu bila mkojo, anaacha nusu ya habari.

Ukaanza msako wa viashiria vipya. Sistatini C, protini ndogo inayotolewa na karibu kila seli, ilipendekezwa katikati ya miaka ya 1980 na watafiti wa Sweden, akiwemo Anders Grubb, kwa sababu haiyumbishwi sana na ukubwa wa misuli kama kreatinini. Wakafuata KIM-1, ambayo huongezeka mirija ya figo inapojeruhiwa, na vipokezi vya TNF katika damu, vinavyohusiana na uvimbe wa ndani kwa ndani. Huko Denmark Peter Rossing na wenzake walitumia mkusanyiko wa vipande 273 vya protini za mkojo kuwabaini walio hatarini kabla hata albumini haijaonekana. Mwaka 2020 walitoa matokeo: asilimia 28 ya waliotajwa kuwa hatarini walianza kuvuja albumini, dhidi ya asilimia 9 ya wengine. Lakini dawa waliyopewa kwa majaribio, spironolactone, haikuzuia kuvuja huko. Jicho lilikuwa limeona mbele zaidi ya pale mkono ulipoweza kufika.

Kuna pia dhuluma iliyoingia kimyakimya kwenye hesabu. Kanuni maarufu ya Marekani ya kukadiria uchujaji kutokana na kreatinini iliongeza takriban asilimia 21 kwa kila mgonjwa mweusi. Mtu mweusi na mtu mweupe wenye kreatinini, umri na jinsia ileile walipewa majibu tofauti, na mweusi akaonekana ana figo imara zaidi. Kwa mgonjwa aliyehitaji kuandikishwa kwenye orodha ya upandikizaji, tofauti hiyo iliweza kumcheleweshea tiba. Kanuni mpya isiyouliza rangi ilitolewa mwaka 2021. Mwaka uliofuata watafiti waliopima uchujaji halisi wa figo za watu wa Malawi, Afrika Kusini na Uganda walithibitisha kuwa hesabu za kreatinini huzipa figo za Waafrika hao sifa zisizostahili, na hivyo maradhi mengi hubaki bila kuhesabiwa.

Kwetu

Utafiti wa Donald McLarty na wenzake wa hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, uliochapishwa mwaka 1989, uliona kisukari kwa chini ya asilimia 1 ya watu wazima wa vijiji vya Tanzania. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta asilimia 9.1 kwa watu wa miaka 25 hadi 64. Njia za kupima zilitofautiana, lakini mwelekeo hauna shaka. Mwaka 2007 madaktari wa Dar es Salaam walichapisha vipimo vya albumini vya wagonjwa wao wa kisukari, na zaidi ya mmoja kati ya kumi alikuwa akivuja kuliko kawaida. Mwaka 2015 utafiti wa Kilimanjaro ulikuta ugonjwa sugu wa figo kwa asilimia 15.2 ya watu wazima wa mjini na asilimia 2 ya wa vijijini, na wengi mno hawakujijua.

Novemba 2017 Muhimbili ilifanya upandikizaji wake wa kwanza wa figo, na hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018. Ni fahari ya haki. Lakini chumba cha upasuaji na mashine za kusafisha damu ni mwisho wa njia, na familia nyingi hufilisika kabla ya kufika hapo. Mwanzo wa njia uko kliniki ya kisukari ya wilaya, kwenye kichupa cha mkojo ambacho mara nyingi hakiagizwi, au huagizwa na kitendanishi, yaani kemikali ya kupimia, hakipo.

Na sasa kuna sababu kubwa zaidi ya kukiagiza. Mwaka 2019 utafiti wa watu 4,401 wenye kisukari cha aina ya 2, waliochaguliwa kwa sababu albumini yao ilikuwa juu, ulionyesha kuwa canagliflozin, dawa inayotoa sukari kupitia mkojo, ilipunguza kwa asilimia 30 hatari ya figo kufa au mgonjwa kufariki kwa sababu ya figo au moyo. Dawa za kundi hilo na nyinginezo zimeendelea kutoa matokeo mema. Albumini ileile hutumika kuona kama dawa inafanya kazi: ikishuka kwa asilimia 30 au zaidi, kuna matumaini figo zitadumu.

Bright alikuwa na kijiko na mshumaa, wala hakuwa na dawa. Sisi tuna dawa, na vipimo viwili vinavyofahamika, kimoja cha mkojo na kimoja cha damu. Kila mwenye kisukari anastahili vyote viwili kila mwaka, na anayo haki ya kuviuliza kwa jina: albumini na kreatinini. Anayepanga bajeti ya afya naye ajue kwamba kila kitendanishi anachokiacha nje ya orodha leo, atakilipia kesho kwa bei ya mashine ya figo, na mgonjwa atakilipia kwa maisha yake.